Sanduku lina kufuli tatu, telefone ina moja

Wamama wa vikundi, sanduku la AVEC tunalijua wote. Lina kufuli tatu, na funguo tatu zinalala katika nyumba tatu. Mama anayelitunza hana ufunguo hata mmoja. Wale watatu wasipofika mkutanoni, hakuna kukopa, hakuna kuhesabu. Hatufanyi hivyo kwa kumdhania mtunza sanduku kuwa mwizi. Tunafanya hivyo kusudi mwizi akiingia kwake usiku, ao shida ya nyumba ikimbana, asibaki peke yake na feza za wenzake mkononi.

Tangu benki zilipofunga milango Goma na Bukavu mwanzoni mwa mwaka 2025, feza nyingi zilizokuwa zikipita mahali pengine sasa zinapita ndani ya telefone: M-Pesa, Airtel Money, Orange Money. Mshahara unafika humo, minervali inalipwa humo, na vikundi vingi vimeanza kuweka humo sehemu ya sanduku. Nilipouliza wamama wa vikundi vichache telefone ya kikundi inafungwa na nini, jibu lilikuwa moja: «Iko na shema, mwalimu.»

Shema ni ule mstari unaochorwa kwa kidole juu ya nukta tisa. Basi akiba ya wanawake ishirini, waliouza mihogo na makala tangu mwezi wa kwanza, inalindwa na mstari unaofanana na herufi L.

Sitaki kumtisha mtu arudie kuficha feza chini ya godoro. Lakini inafaa tujue kufuli hiyo ya telefone ni kitu gani, nani anaitengeneza, na inafunga nini hasa.

Kufuli ya telefone si chuma. Ni programu, yaani maagizo yaliyoandikwa na watu, mistari mamilioni kwa mamilioni, na watu hao wanakosea kama mwanafunzi anavyokosea hesabu ndefu. Kosa lililo ubaoni mwalimu analiona. Kosa lililo ndani ya programu linaweza kukaa miaka bila kuonekana, mpaka siku mtu mmoja anajikwaa juu yake.

Mtu huyo mwaka 2022 alikuwa David Schütz, kijana wa Hungaria anayefanya kazi ya kutafuta makosa ya namna hiyo. Alikuwa ametoka safari ndefu, na telefone yake, Pixel 6 ya kampuni Google, ikaisha moto. Alipoiwasha tena, kadi ya SIM ikamwomba PIN yake. Alikuwa ameisahau. Akakosea mara tatu, kadi ikajifunga na kuomba PUK, ile namba ya tarakimu 8 inayoandikwa kwenye kiplastiki unachobandulia kadi siku unapoinunua. Akakitafuta kiplastiki, akaandika PUK, akaweka PIN mpya. Telefone ikarudi, lakini akaona kitu kisicho cha kawaida: ilimwomba alama ya kidole, wakati telefone iliyowashwa upya inapaswa kuomba kwanza kode yenyewe.

Wengi wetu tungesema «imekubali, asante Mungu» na kuendelea na kazi. Yeye akaanza kurudia jaribio. Siku moja akasahau kuizima kwanza. Telefone ilikuwa imewashwa, imefungwa vizuri. Akatoa kadi ya SIM, akairudisha, akakosea PIN mara tatu, akaandika PUK, akaweka PIN mpya. Telefone ikafunguka yote. Hakuna kode iliyoombwa, hakuna kidole. Picha, barua, kila kitu kikawa mbele yake.

Wamama, tazameni maana yake. Mwizi hakuhitaji kujua kode yako. Alihitaji kadi ya SIM yake mwenyewe, ile ya bei ya chini inayouzwa njiani, na kile kiplastiki chake chenye PUK. Anaingiza kadi yake ndani ya telefone yako, anakosea kwa kusudi, anaandika PUK yake, anaingia. Ni kazi ya dakika chache, bila mashine na bila masomo makubwa.

Kosa lilikuwa la namna gani? Fikiri sufuria zilizopangwa moja juu ya nyingine. Ya juu kabisa ni mlango wa PUK. Chini yake kuna mlango wa kode yako. Ukiandika PUK sawasawa, programu inatoa agizo: «Ondoa sufuria ya juu.» Kumbe kuna mtoto mwingine jikoni, sehemu nyingine ya programu, ambaye ameona kadi imekubaliwa na ameshaiondoa ile sufuria ya PUK. Agizo linafika limechelewa. Mtoto wa pili anatii, anaondoa iliyo juu wakati huo, nayo ni ile ya kode yako. Hakuna aliyeasi. Kila mmoja alitii agizo lake, na nyumba ikabaki wazi. Dawa ambayo Google walileta kisha ni ile ambayo kila mama angeitoa: agizo sasa linataja jina la sufuria. «Ondoa ya PUK.» Kama haiko tena, usiguse kitu.

Kinachoniumiza katika habari hii si kosa. Ni muda. Schütz aliwapelekea habari katika mwezi wa sita mwaka 2022. Wakamjibu kwamba mtu mwingine alikuwa ameshawaambia jambo hilo mbele yake. Basi walijua! Mwezi wa tisa akajaribu tena, mlango bado wazi. Ikabidi awaonyeshe wafanyakazi wa Google kwa macho yao, London, walipokutana kwa mambo ya kazi. Dawa ilitoka mwezi wa 11. Walimpa dola 70.000, na wakakubali kwamba ni habari yake ndiyo iliyowafanya waanze kazi ya kurekebisha. (Dola elfu sabini kwa kusahau PIN. Mimi walimu wenzangu nawaruhusu kucheka kidogo, kisha tuendelee.)

Kuna kisa kingine kinachogusa nyumba zetu zaidi. Mwezi wa 10 mwaka 2019, huko Uingereza, mama mmoja alinunua kifuniko cha plastiki cha bei ya chini, kile kinachobandikwa juu ya kioo kisipasuke, akakibandika kwenye telefone yake Samsung Galaxy S10. Akaona kidole ambacho hakuwa amekiandikisha kinafungua telefone. Akamwita bwana yake, kidole cha bwana pia kikafungua. Mashine ya kusoma kidole katika telefone hiyo iko chini ya kioo na inasoma kwa mawimbi ya sauti. Plastiki ile ilikuwa na michoro midogo upande wa ndani, na telefone ikaishika michoro hiyo kana kwamba ndiyo alama ya kidole. Kidole chochote kilichobonyeza plastiki ile kilikubaliwa. Samsung walikiri kosa na kutoa marekebisho mwezi huohuo, na huko Korea benki iliwaambia wateja wazime kidole kwanza.

Hapa kwetu vifuniko vya plastiki vinauzwa kila kona, na vijana wanakubandikia palepale wakati unasubiri. Sisemi ni vibaya. Nasema: ukitoka hapo, fika nyumbani, mpe mtoto telefone imefungwa, ajaribu vidole vyake vyote kumi. Ikifunguka, ondoa plastiki, futa alama zilizoandikwa, uandikishe upya. Jaribio hili halilipishwi, na watoto wanalipenda.

Uso pia usiutegemee sana. Mwaka 2023, shirika la Uingereza linalotetea wanunuzi, Which?, lilitangaza kwamba kati ya telefone 48 mpya walizojaribu, 19 zilifunguliwa kwa picha ya mwenye telefone, picha ya karatasi ya kawaida. Na sisi tunabandika picha zetu ukutani sebuleni na kuziweka WhatsApp! Tena kuna modeli moja ya Google, Pixel 4 ya mwaka 2019, iliyokubali uso wa mtu aliyefumba macho. Mama analala, mtu anamwelekezea telefone usoni, imefunguka. Marekebisho yake yalifika mwaka uliofuata.

Wale wa Apple, wanaouza kwa bei ya juu kuliko wote, nao wana yao. Mwezi wa 9 mwaka 2014 walituma marekebisho yaliyowaacha wenye iPhone 6 mpya bila mtandao wa kupiga, wakayaondoa kisha karibu saa moja. Mwezi wa 11 mwaka 2017 ilijulikana kwamba ordinatere zao zilizopokea programu mpya zilifunguka kwa kuandika jina «root» bila neno la siri lolote. Walirekebisha kesho yake na kuomba radhi.

Mtu atauliza: makosa haya hayakuwako zamani? Yalikuwako. Lakini kuna kitu kimebadilika, na mimi nakiona kama mwalimu. Telefone ndogo ya vitufe ilitoka kiwandani na programu yake imekwisha. Kampuni ilijua kwamba kosa likitoka nalo, litakaa katika telefone milioni bila njia rahisi ya kulifuata. Basi walijaribu na kujaribu tena mbele ya kuuza. Leo wanajua kwamba wanaweza kutuma marekebisho kwa intaneti wiki inayofuata. Muulizeni mwalimu yeyote: mwanafunzi anayejua kuna «deuxième session» anajitayarisha namna gani kwa ile ya kwanza? Tena kila mwaka lazima telefone mpya itoke na programu mpya, ikiwa tayari ao haiko tayari, kwa sababu tarehe imeshatangazwa na wenzao wanashindana nao. Wanapika kwa haraka, wanapakua ugali bado una unga ndani, wanasema wataukoroga ukiwa mezani.

Kule kwao «deuxième session» inafika. Mnunuzi wa Pixel 8 aliahidiwa mwaka 2023 marekebisho ya miaka 7, na Samsung waliahidi vilevile kwa Galaxy S24 mwaka 2024. Ulaya wana sheria inayofanya kazi tangu tarehe 20 mwezi wa 6 mwaka 2025, inayotaka marekebisho yaendelee kupatikana walau miaka 5 baada ya modeli kuacha kuuzwa. Je, telefone tunazonunua sisi? Nyingi za bei ya chini zinapata marekebisho mwaka mmoja ao miwili, zingine hazipati hata moja. Nyingi zinafika kwetu zimeshatumiwa na mtu mwingine, na miaka yao ya marekebisho imeishia mkononi mwa yule wa kwanza. Tena hata pale marekebisho yanapotoka, yanakula megabaiti nyingi, na mama mwenye megabaiti za franka 500 hatazitumia kwa kitu ambacho hakioni. Kwa hiyo mlango uliofungwa huko London unaweza kubaki wazi Kadutu. Ile dawa ya mwaka 2022 ilitolewa kwa Android 10 mpaka 13. Telefone isiyoipokea iko na sufuria zilezile.

Kuna namna ya kujua. Telefone nyingi zetu ziko katika Kifaransa, basi ingia «Paramètres», teremka mpaka «À propos du téléphone», tafuta mahali palipoandikwa «Mise à jour de sécurité» ao «correctif de sécurité». Kuna tarehe. Hiyo ndiyo siku ya mwisho ambayo mafundi waliziba matundu ya telefone yako. Nimeziona telefone zinazouzwa kama mpya zenye tarehe ya miaka mitatu nyuma. Ukienda kununua, usitazame kamera kwanza. Tazama tarehe hiyo. Muuzaji akikataa kukuonyesha, kuna muuzaji mwingine upande wa pili wa barabara. Na pale masomoni ao nyumbani kwa rafiki penye wifi, omba kwa adabu uiache telefone saa moja ichukue marekebisho yake.

Sasa turudie shema yetu. Kwa hesabu, shema si mbaya: juu ya nukta tisa kuna mistari 389.112 inayowezekana, wakati kode ya tarakimu nne ina nafasi 10.000 tu. Ndivyo hesabu inavyosema. Lakini watu hawachagui kwa hesabu. Mwaka 2015 mwanafunzi wa kike wa Norwe alikusanya shema karibu 4.000 za watu, akakuta 44 katika kila 100 zinaanza kwenye nukta ya juu upande wa kushoto, mahali palepale tunapoanzia kuandika, na nyingi zinafanana na herufi. Mara nyingi herufi ya jina lake ao ya mtoto wake. Kisha kuna macho. Mwaka 2017 watafiti wa masomo ya jeshi la baharini la Marekani waliwaonyesha watu video za mtu anayefungua telefone. Kwa kutazama mara moja tu, watu 64 katika 100 waliweza kuirudia shema. Kwa kode ya tarakimu sita, walioweza walikuwa 11 katika 100. Ukizima ile mistari inayoonekana kidole kinapopita, wanashuka mpaka kama 35, lakini bado ni wengi.

Fikirini tunavyofungua telefone zetu: ndani ya taksi tumebanana wanne nyuma, kwenye foleni ya maji, juu ya moto yule kijana anasubiri kulipwa. Na kidole cha mama aliyetoka kukaanga mikate kinaacha njia ya mafuta juu ya kioo. Inua telefone kidogo kwenye mwanga, shema yako imeandikwa pale.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: kwa telefone inayoshika feza ya kikundi, achana na shema, weka kode ya tarakimu sita. Isiwe mwaka wa kuzaliwa, isiwe 123456. Mtu mmoja aliyechunguza mwaka 2012 kode za tarakimu nne zilizovuja alikuta karibu 11 katika 100 ni 1234. Mwizi anajua hilo kuliko sisi.

Nimebakisha jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote, na halihusu kampuni yoyote ya ng'ambo. Kufuli ya kioo inafunga telefone. Haifungi kadi ya SIM.

Mama mmoja alinyang'anywa telefone karibu na soko la Nyawera saa kumi na mbili jioni. Alihuzunika kwa telefone, lakini kwa feza hakuogopa: «Imefungwa, hawataweza.» Na kweli telefone hawakuifungua. Walitoa kadi ya SIM kwa sindano, wakaiweka ndani ya telefone yao, na namba yake ikawa mkononi mwao. Wakaingiza namba hiyo WhatsApp, kode ya uhakikisho ikafika kwa SMS kwenye kadi ileile, na sasa wanaandika kwa jina lake. Usiku huo wamama wa kikundi wakapokea: «Mama, niko hospitali na mtoto, nitumie hata dola 20.» Wawili wakatuma. Ni feza ya nani ilipotea hapo? Si yake. Ni ya wenzake waliompenda. Na ndani ya kifuko cha telefone alikuwa ameweka karte d'électeur yake, yenye mwaka wa kuzaliwa, na mwaka huo ndio ulikuwa kode ya feza. Salio lote likaenda mbele ya saa tatu usiku.

Kadi ya SIM ina kufuli yake, ile PIN iliyomsumbua kijana wa Hungaria. Telefone za vitufe zinayo pia, usifikiri ni mambo ya telefone kubwa. Katika «Sécurité» tafuta «Verrouillage de la carte SIM», iwashe, ubadilishe PIN iliyotoka nayo. Usibahatishe PIN ya kwanza: imeandikwa kwenye kiplastiki, ao kampuni yako ya mtandao itakuambia. Ukikosea mara tatu itaomba PUK, na ukikosea PUK mara kumi kadi imekufa, lazima uende kutengeneza nyingine. Tangu siku hiyo, mtu akihamisha kadi yako kwenye telefone yake, anakuta mlango mwingine. Ni kufuli ya pili.

Ya tatu iko ndani ya WhatsApp yenyewe: «Paramètres», «Compte», «Vérification en deux étapes». Unaweka namba ya siri ya tarakimu sita. Hata mwizi akipata SMS, ataombwa namba hiyo. Na katika kikundi tuweke sheria iliyo rahisi: ombi la feza lililoandikwa halijibiwi kwa feza, linajibiwa kwa kupiga. Sauti ya mama mwenzako unaijua.

Kode ya feza yenyewe, ile ya M-Pesa ao ya wengine, isifanane na kode ya kioo wala na PIN ya kadi. Na watoto? Tunawapa telefone wacheze wakati tunapika, basi kode ya kioo wanaijua wote, na mtoto wa miaka saba hawezi kumnyima jirani siri. Sioni ubaya wa mtoto kuijua kode ya kioo kama ile ya feza haijui. Ubaya ni pale zinapokuwa moja. Wengine watasema bwana naye anataka kujua kode zote. Hayo ni mazungumzo ya nyumba yako. Lakini feza ya kikundi si ya nyumba yako, na bwana mwenye akili anaelewa hilo ukimwambia mbele ya katibu wa kikundi.

Jambo moja zaidi ambalo kisa cha Schütz kilitufundisha bila yeye kulitafuta. Hila yake haikufanya kazi kwenye telefone iliyokuwa imezimwa kabisa na kuwashwa, ambayo mwenyewe hajaifungua bado. Ilikwama tu. Telefone iliyozimwa inafunga vitu vyake ndani kwa nguvu zaidi, na inahitaji kode ya mwenyewe kuvifungua mara ya kwanza. Kwa hiyo mama anayevuka ziwa ao anayepita barabara yenye vizuizi vingi na telefone ya kikundi, aizime mbele ya kuondoka. Na inasaidia moto usiishe.

Ikiwa telefone imekwenda, saa ya kwanza ndiyo yenye thamani. Usianze kwa kulia njiani wala kumtafuta mwizi. Azima telefone ya mtu mwenye mtandao ule ule, piga huduma ya wateja, waombe wafunge namba na konti ya feza. Kisha mjulishe rais wa kikundi aandike kwa wote kwamba namba hiyo haiko mikononi mwako. Kesho yake na kitambulisho mpaka kwenye ofisi ya kampuni kwa kadi mpya yenye namba ileile. Ndiyo maana karte d'électeur haipaswi kulala ndani ya kifuko cha telefone: vikienda pamoja, utajionyesha na nini?

Kwa wale watunza feza: andikeni katika daftari la kikundi, ukurasa wa nyuma, namba ya huduma ya wateja, na namba ya telefone yenyewe ya tarakimu 15 inayotokea ukipiga *#06#. PUK isiandikwe katika daftari linalopita mikononi mwa wote. Kiplastiki kikae ndani ya sanduku, chini ya zile kufuli tatu.

Jumamosi kisha mkutano nitabaki saa moja pamoja na wale wanaotaka tuwashe PIN ya kadi pamoja. Kila mmoja alete telefone yenye moto, kiplastiki cha kadi kama bado anacho, na miwani kwa wale wanaoihitaji. Wenye telefone za vitufe waje pia.